Wenye intaneti hawachapi, wanaochapa hawana intaneti

Swali limetoka kwa katibu muhtasi wa ofisi ndogo ya uhasibu, Morogoro. Nimelifupisha kidogo:

"Tuna kompyuta saba zilizounganishwa kwa waya, printa moja ya mtandao, na folda ya pamoja ya mafaili ya wateja iliyoko kwenye kompyuta ya bosi. Tangu mwezi uliopita, umeme ukikatika na kurudi, ofisi inagawanyika. Wengine wana intaneti lakini printa na folda hawavioni. Wengine printa na folda wanavipata, ila intaneti hamna, ingawa alama inaonyesha wameunganishwa. Kesho yake inabadilika, aliyekuwa mzima ndiye anayelalamika. Fundi alikuja, akazima kila kitu, akawasha, ikakaa sawa, akalipwa. Siku mbili baadaye yale yale. Sasa anasema rauta imezeeka, tununue kubwa. Kilichobadilika ni kirauta kidogo tu ambacho bosi alijinunulia kwa ajili ya Wi-Fi ya chumbani kwake, lakini hicho hakihusiki maana kinafanya kazi vizuri. Tununue?"

Dada, msinunue kwanza. Hicho kirauta cha bosi ndicho ninachokishuku, tena kwa sababu hiyo hiyo uliyoitoa kukitetea: kinafanya kazi vizuri mno. Kinafanya hata kazi ambayo hakuna aliyekituma.

Kompyuta inapowashwa, au waya wake unapopata uhai baada ya umeme kurudi, huita mtandao mzima: nani wa kunipa anwani? Huduma ya kujibu mwito huo inaitwa DHCP, na kwenye ofisi kama yenu iko ndani ya rauta ya mtoa huduma wa intaneti. Rauta huipa kompyuta namba yake, huitajia lango la kutokea kwenda intaneti, na huielekeza pa kuulizia majina ya tovuti. Sasa, karibu kila rauta inayouzwa dukani hutoka kiwandani huduma hii ikiwa imewashwa. Fundi akichukua rauta ya pili akaichomeka kwenye swichi ileile (kisanduku kinachounganisha waya za kompyuta zote) kwa kutumia tundu la LAN, yaani lile la vifaa vya ndani, ofisi imepata wagawaji wawili wa anwani, na kompyuta haina njia ya kujua yupi halali. Inachukua jibu linalotangulia. Ni kama gesti yenye makarani wawili mapokezi, kila mmoja anagawa funguo za jengo lake. Wageni wote wana funguo mkononi, ila nusu yao wamepangiwa jengo lisilo na mlango wa kutokea barabarani.

Tukirudi kwenye dalili zako, ndizo zilizonifanya nisitafute mbali. Aliyepewa anwani na rauta kubwa, yaani hiyo ya mtoa huduma, anatoka intaneti bila shida. Aliyepewa na kirauta cha bosi anaambiwa lango ni kirauta hicho, nacho hakina njia ya kutoka, kwa hiyo kompyuta inaandika imeunganishwa na intaneti haipo. Printa nayo ni kifaa kama vingine. Ikiwashwa inaomba anwani, na kompyuta ya bosi vivyo hivyo. Siku vikiangukia upande wa kirauta, walioko upande huo wanachapa na kufungua folda huku hawana intaneti, na walioko upande wa rauta kubwa wana intaneti huku printa hawaioni. Waya mbovu hauwezi kuigawa ofisi kwa mpangilio huo. Rauta iliyozeeka haiwezi, virusi pia. Waya ukiharibika mtu hukosa vyote kwa pamoja.

Na kwa nini umeme? Rauta za fiba huchukua muda kuamka, dakika moja, mbili, hata zaidi, kabla hazijawa tayari kujibu. Kirauta cha bei nafuu huamka haraka. Umeme ukirudi, kwa muda huo mfupi ofisini kuna mgawaji mmoja tu aliye macho, naye ni yule asiyetakiwa. Anayewahi kuwasha kompyuta yake anapata anwani mbovu. Anayechelewa kwa sababu alitoka kununua chai anapata nzuri. Anwani hutolewa kwa muda maalumu, mara nyingi saa kadhaa au siku nzima, na kabla muda haujaisha kompyuta humrudia yuleyule aliyeitoa kuomba iongezwe. Ndiyo maana ugonjwa hung'ang'ania. Fundi wenu alipozima vyote na kuwasha, bila shaka alianza na rauta kubwa, akaiacha itulie, ndipo akaendelea na vingine. Alipata dawa bila kujua ugonjwa. Bosi mwenyewe hashtuki kwa sababu simu yake ikikosa intaneti ya Wi-Fi inahamia kwenye bando kimyakimya.

Hayo ni maelezo tu, usiyaamini mpaka uyahakikishe. Chagua kompyuta mbili, moja yenye intaneti na moja isiyo nayo, siku tatizo likiwa linaonekana. Kwenye kila moja bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika cmd, bonyeza Enter. Kwenye dirisha jeusi andika:

ipconfig /all

Yatatoka maandishi mengi. Tafuta sehemu ya kadi ya waya, ile iliyoandikwa Ethernet, usome mistari mitatu tu. Kwenye nzima utaona kitu cha namna hii:

IPv4 Address: 192.168.1.14
Default Gateway: 192.168.1.1
DHCP Server: 192.168.1.1

Na kwenye inayoumwa:

IPv4 Address: 192.168.0.103
Default Gateway: 192.168.0.1
DHCP Server: 192.168.0.1

Namba zenu zinaweza kutofautiana na hizi. Rauta nyingi za fiba za Huawei hutumia 192.168.100.1, MikroTik hutoka na 192.168.88.1, na virauta vingi vya nyumbani hukaa kwenye 192.168.0.1 au 192.168.1.1. La kuangalia ni kama mstari wa DHCP Server unafanana kwenye kompyuta zote mbili. Mstari huo unamtaja kwa namba aliyetoa anwani, na nashangaa mafundi wengi huuruka wakakimbilia kubadilisha waya. Zikitofautiana, kesi imekwisha.

Kuna sura ngumu zaidi ya ugonjwa huu, pale rauta zote mbili zinapojiita 192.168.1.1. Hapo ipconfig itakuonyesha namba zilezile kila mahali, na watu huhangaika wiki nzima. Dawa yake ni amri ya arp -a. Kwenye orodha itakayotoka, tafuta mstari wa 192.168.1.1, kisha linganisha Physical Address, yaani namba ya utambulisho ambayo kifaa hutoka nayo kiwandani, kwenye kompyuta mbili. Namba hiyo huwa imechapishwa kwenye lebo chini ya rauta, au inatofautiana nayo tarakimu ya mwisho tu, kwa hiyo utamjua ni nani aliyejibu. Kwa dalili zako sidhani ndilo lenu, kwa kuwa namba zingefanana printa ingeonekana na kila mtu.

Uhakika wa mwisho hauhitaji utaalamu. Chomoa kwenye swichi waya unaokwenda kwa kirauta cha bosi. Mwambie kwanza, usije ukaitwa. Kisha kwenye kompyuta zinazoumwa andika ipconfig /release, ikimaliza andika ipconfig /renew. Zima printa, uiwashe. Kama ofisi nzima ikarudi kuwa moja, mkosaji mmempata bila kutumia shilingi.

Sasa marekebisho. Bosi anataka Wi-Fi chumbani kwake, na ni haki yake, kirauta kibaki. Kinachotakiwa ni kukivua kazi ya kugawa anwani kibakie kurusha Wi-Fi tu. Baadhi ya virauta vina mpangilio ulioandikwa Access Point. Kama chenu kinao, uchague, kitajipanga chenyewe. Kama hakina, fanya kwa mkono, na hapa mpangilio wa hatua una maana, kwa hiyo soma aya ifuatayo yote kabla ya kugusa kitu.

Kirauta kikiwa bado kimechomolewa kwenye swichi, kiunganishe kwa waya na laptopu moja peke yake, kwenye tundu la LAN. Fungua kivinjari, andika namba iliyo kwenye lebo yake ya chini, uingie kwa nenosiri lililoandikwa hapo, au lile kililowekewa baadaye. Nenda sehemu ya LAN, ubadilishe anwani yake, kwa namba za mfano wetu, kutoka 192.168.0.1 iwe 192.168.1.2, yaani ifanane na ukoo wa rauta kubwa lakini isigongane nayo. Hifadhi. Kitajiwasha upya, na laptopu itapoteza ukurasa, usiogope. Chomoa waya wa laptopu, urudishe, ingia tena kwa namba mpya, 192.168.1.2. Hapo ndipo uende sehemu ya DHCP uizime. Ukianza kwa kuzima DHCP, laptopu inaweza kubaki nje isiyo na anwani ya kuingilia, na itabidi uiandikie anwani kwa mkono ndipo uingie tena. Mambo yakiwa tayari, rudisha waya wa kutoka kwenye swichi kwenye tundu la LAN la kirauta, lolote. Tundu la WAN, yaani la kuingizia intaneti, ambalo kwa kawaida lina rangi tofauti, liache tupu.

Utakutana na mtu atakayekushauri utumie hilo la WAN badala ya kuhangaika na hatua zote hizi. Ugomvi wa anwani utaisha, ni kweli. Lakini kompyuta ya bosi ikiwa imechomekwa kwenye kirauta chake itakuwa nyuma ya ukuta: yeye ataiona printa, nyie hamtaiona folda yake. Kwa ofisi ambayo mafaili yote yako kwa bosi, huo ni msiba mwingine.

Na mwingine atakushauri uziandikie kompyuta zote anwani za kudumu kwa mkono. Silipendi hilo. Kompyuta saba zitatulia, ila kila simu na kila mgeni bado anaweza kuangukia mikononi mwa kirauta, na laptopu ya mtu ikienda nyumbani inaweza kukataa mtandao wa huko. Tena mwaka mmoja baadaye hakuna atakayekumbuka nani alipewa namba gani, atatokea mtu ampe mwenzake namba yenye mwenyewe.

Printa ndiyo pekee ninayotaka iwe na anwani isiyohama. Ingia kwenye rauta kubwa, tafuta mahali pa kuhifadhi anwani kwa kifaa maalumu, mara nyingi pameandikwa Address Reservation au Static DHCP. Ingiza Physical Address ya printa, utaipata kwenye karatasi ya taarifa za mtandao ambayo printa yenyewe huichapa kutoka kwenye menyu yake, kisha uipe namba, tuseme 192.168.1.60. Fanya vivyo hivyo kwa kompyuta ya bosi. Ukiwa humo humo, hakikisha mgao wa DHCP unaanzia mbali na namba 2 uliyoipa kirauta, kwa mfano kutoka 192.168.1.50 hadi 192.168.1.199. Halafu kwenye kompyuta, iongeze printa upya kwa kuandika anwani yake badala ya kuiacha Windows iitafute kwa jina. Dakika chache kwa kila mashine, lakini kelele za "printa iko offline" zitapungua sana.

Onyo moja la dhati. Kwenye rauta kubwa kuna kitundu kidogo kilichoandikwa Reset, kinachohitaji sindano au waya wa kubania karatasi. Asiguse mtu. Kwenye rauta za watoa huduma, kitundu hicho kinaweza kufuta mipangilio iliyowekwa na kampuni, pamoja na jina na nenosiri la kuingilia kwenye mtandao wao, ambavyo hamnavyo. Kuanzia hapo hakuna intaneti mpaka kampuni itume mtu au irekebishe ikiwa kwao, na ikitokea Ijumaa jioni mnaweza kuisubiri hadi Jumatatu. Kuizima na kuiwasha kwa kitufe chake cha umeme ni sawa, hakuna kinachofutika.

Mkishamaliza, huenda mkakutana na mshangao: anwani ni sahihi, intaneti ipo, printa inachapa, ila folda ya bosi bado haifunguki kwa baadhi ya watu. Windows huutambua mtandao kwa lango lake. Kompyuta ya bosi ilipokutana na lango jipya ilidhani imepelekwa mahali pageni, na huenda ikauweka mtandao huo kwenye kundi la Public, ambako kushirikisha mafaili huzuiwa. Kwenye kompyuta ya bosi fungua mipangilio ya mtandao, ingia kwenye sifa za muunganisho wa waya, uchague Private. Kisha jaribu kutoka kwa mwingine: bonyeza Windows na R, andika \\ ikifuatiwa na anwani ya kompyuta ya bosi, mfano \\192.168.1.61. Ikifunguka kwa namba na isifunguke kwa jina, mtandao ni mzima, kilichobaki ni suala la majina tu, na mnaweza kuendelea kutumia hiyo namba bila wasiwasi kwa kuwa mmeshaifunga isihame.

Itakuwaje kama ukisoma DHCP Server ikafanana kwenye kompyuta zote? Basi nimekosea kushuku, na tunatafuta kwingine. Angalia kwanza kama anwani inaanza na 169.254. Hiyo ni namba ambayo kompyuta hujipa yenyewe baada ya kuita na kukosa wa kumjibu. Hapo usisumbuke na mipangilio, fuata waya. Tazama taa pembeni ya tundu kwenye kompyuta na kwenye swichi. Zisipowaka, waya umekatika, kichwa kimelegea, au tundu la swichi limekufa. Hamisha waya uende tundu jingine uone. Waya uliopitishwa chini ya zulia na kukanyagwa na miguu ya kiti kila siku huwa na tabia ya kufa nusu nusu. Nyuzi nne kati ya nane zikibaki nzima, zikiwa ndizo zinazohitajika, mtandao bado unaweza kupita, ila unashuka hadi megabiti 100 kwa sekunde, kwa sababu kasi ya gigabiti inahitaji jozi zote nne. Msilalamike intaneti iko taratibu kabla ya kutazama hilo.

Taa zote za swichi zikiwaka na kupepesa kwa pamoja kama zimepandwa na wazimu, na hakuna mtu yeyote anayepata kitu, tafuta waya uliochomekwa ncha zote mbili kwenye swichi ileile. Hutokea mtu akifagia, akaona ncha inaning'inia, akairudisha kwa nia njema kwenye tundu lililo wazi. Swichi nyingi za bei ya chini hazina kinga dhidi ya mzunguko huo. Chomoa ncha moja, zitatulia papo hapo.

Kama kompyuta moja tu inakataa tovuti zote kwa onyo kwamba muunganisho si salama, huku wengine wako sawa, tazama saa yake kona ya chini kulia. Mashine za mtumba nyingi zina betri ndogo ya CR2032 iliyokwisha kwenye ubao mkuu. Umeme ukikatika saa inarudi miaka nyuma, na vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, kwa hiyo kompyuta inayodhani ni mwaka 2015 inaviona vyote batili. Rekebisha saa, badilisha betri. Nimeona watu wakifuta Windows yote kwa tatizo la betri inayouzwa duka la saa.

Kama bado, panda ngazi kwa amri ya ping, inayokiita kifaa uone kama kinajibu. ping 192.168.1.1 ikijibu, njia ya ndani ni nzima. ping 8.8.8.8, ambayo ni seva ya Google huko nje, ikijibu, njia ya nje nayo ni nzima. Namba zikijibu na majina yasijibu, yaani ping google.com ikishindwa, tatizo ni DNS, huduma ya kugeuza majina ya tovuti kuwa namba, na ipconfig /flushdns hutosha mara nyingine. Lango likijibu na 8.8.8.8 isijibu kwenye kompyuta zote, hapo ndipo umpigie mtoa huduma, tena ukiwa na la kumwambia.

Hela za rauta mpya mlizotaka kutumia, zipelekeni kwenye UPS ndogo, yaani betri inayoshika umeme ukikatika, ya rauta na swichi. Vifaa hivyo vinakula umeme kidogo, na katizo fupi halitavizima. Rauta mpya isingewasaidia: ingekuwa kubwa kiasi gani, kirauta cha bosi kingeendelea kujibu mbele yake. Swichi za kisasa zenye uwezo wa kuzuia wagawaji wasio rasmi zipo, lakini kwa kompyuta saba ni gharama msiyoihitaji.

Ukikwama, nitumie picha ya ipconfig /all kutoka kwenye kompyuta mbili, nzima na mbovu, zilizopigwa wakati mmoja, na picha ya nyuma ya kirauta cha bosi ikionyesha waya umeingia tundu gani. Fundi akikuuliza kwa nini, mwonyeshe mstari wa DHCP Server.